Dakika Sita Nje ya Kamera

Jumatatu, 7 Septemba 2020

Kasulu. Nimefika kutoka Kibondo saa nane mchana, vumbi mpaka ndani ya masikio. Siku nne za mikutano ya kampeni. Ahadi ni za barabara na maji, kama mara iliyopita.

Abbasi, mhariri wangu, kapiga simu kutoka Kigoma kabla sijavua viatu. Kachoka na kampeni. Anataka kipindi cha dakika kumi na mbili: wanafunzi wa vyuo wanaosoma kwa intaneti wakati huu wa corona. Nikamwambia hapa kwetu vyuo vilifunguliwa tangu mwezi wa sita, watu wanasema ugonjwa umekwisha. Akasema ndiyo maana — watafute waliobaki.

Sina haja ya kutafuta mbali. Mmoja yuko sebuleni kwangu.

Epifania, mtoto wa marehemu kaka yangu. Miaka ishirini na mbili. Mwaka wa pili, afya ya jamii, chuo kimoja cha Nairobi. Huko bado wamefunga. Yuko hapa tangu Machi, mbele ya dirisha la sebule, kwa sababu mtandao unashika dirishani tu. Mama yangu, bibi yake, anapita kwa kunyata kama kuna mgonjwa.

Leo nimeona sketi yake imepigwa pini kiunoni. Mwezi wa saba haikuwa na pini.


Jumanne, 8 Septemba

Kambini Nyarugusu kwa kipindi cha Abbasi. Kibali nilikiomba mwezi uliopita kwa habari nyingine; kilichukua wiki mbili, mahojiano dakika ishirini.

Nsimire, Mkongomani, miaka ishirini na minne. Alikuwa anasoma stashahada kwa mtandao katika chumba cha kompyuta cha shirika. Ameacha. Sasa anauza vitunguu na sabuni ya vipande. Nikamuuliza kwa nini.

“Mashini ni sita, papa. Siye ni batu makumi ine. Ukikaa, saa moja inaisha, banakutosha inje. Kichwa ilianza kuniwaka. Nikaona niache mbele sijakuwa mwenda wazimu.”

Nikamuuliza kama anajuta. Akaniuliza kama ninanunua vitunguu.

Nimenunua.


Alhamisi, 10 Septemba

Kesho Epi ana mtihani. Saa tatu mpaka saa tano. Amebandika masharti ukutani, nimeyanakili:

Uso uonekane kwenye kamera muda wote. Asitoke kitini. Isisikike sauti ya mtu mwingine. Atakayevunja atafika mbele ya kamati.

Sharti la tano halimo kwenye karatasi, lakini wote humu ndani tunalijua. Mfadhili anayemlipia ada aliandika mwanzoni kabisa: kosa moja la mtihani, ufadhili unakoma.

Tumejipanga. Jogoo kapelekwa kwa jirani. Mama atakaa jikoni nje. Mimi nitakaa kibarazani mbele, nizuie wageni. Nimeomba kuacha rekoda yangu juu ya kabati, nipate sauti ya nyumba iliyonyamaza — kwa redio ni kitu kizuri. Niliogopa atakataa.

“Iache, baba mdogo. Angalau kimoja humu ndani kisichonitazama.”

Jioni alikwenda sokoni kununua dagaa. Karudi bila dagaa. Muuza nyanya kamwambia mbele za watu: “Wenzio wamesharudi chuoni zamani, we unangoja nini? Mume?” Watu wakacheka. Epi anasimulia hayo bila kubadili sauti, kama anasoma orodha.

Kitana chake kipo bafuni. Nywele nyingi. Nimekiona tu, sikumwambia.


Ijumaa, 11 Septemba

Umeme ulikuwapo. Mtandao ulikuwapo. Nimekaa kibarazani tangu saa tatu kasoro kumi. Nimemrudisha mwanamke wa kikundi cha kanisa, mtu wa king'amuzi, na kijana wa bodaboda aliyepotea njia. Hakuna aliyepita.

Saa tano na dakika tano nikazunguka nyuma kumwambia Mama kuwa tumemaliza. Jikoni nikamkuta Mzee Anania anakula viazi vitamu.

Mzee Anania wa Mabamba. Miaka sabini na tisa. Tabibu mstaafu, alitibu katika zahanati za mpakani miaka thelathini. Ndiye aliyemshika Epi wakati wa ubatizo. Kwa hiyo ni baba yake, na baada ya kaka yangu kufariki ni baba zaidi.

“Umepita wapi, Mzee?”

“Mlango wa nyuma. Kwani mimi mgeni?”

Hapo nikaelewa. Nililinda mlango wa wageni. Mtu wa nyumba hapiti huko, na sikulikumbuka hilo.

Alilala Makere kwa binti yake, akaja asubuhi kusalimia. Kaingia mpaka sebuleni, Mama akiwa ameinamia moto. Akatoa salamu.

Epi nimemkuta amekaa pale pale, viganja kavikalia. Kamera imeshazimwa.

“Nilisimama kumsalimia,” kasema. “Ningefanyaje? Ningemtolea mkono nimekaa?”

Mama, kutoka jikoni: angebaki amekaa, mimi mwenyewe ningemchapa.

Kweli. Kwetu mzee humsalimii kwa kutikisa kichwa kutoka kitini. Unasimama, unamwendea, unainama, mikono yote miwili. Anauliza habari za mmoja mmoja, unamjibu habari za mmoja mmoja. Haina njia ya mkato.

Mzee kaondoka saa nane. Kafurahi sana. Kaniambia mtoto ana akili.


Jumatatu, 14 Septemba

Barua ya chuo imefika kwenye simu ya Epi saa nne na robo. Kanisomea kasimama.

Dakika ya 47 mtahiniwa ametoka kwenye picha. Amerudi baada ya dakika sita na sekunde kumi. Imesikika sauti ya mwanamume ikizungumza lugha isiyofahamika. Atoe maelezo na ushahidi, kwa tafsiri, kabla ya saa sita mchana Jumamosi. Kamati itamhoji kwa video Jumatatu tarehe 21, saa nne asubuhi.

“Lugha isiyofahamika,” karudia. Kaangalia ukuta.

Nikamwambia asihofu. Ushahidi upo — rekoda ilikuwa kabatini, imechukua kila kitu. Nitaandika maneno yote, nitatafsiri mimi, nitatia sahihi. Wakisikia salamu ya Kiha ilivyo ndefu watacheka, yataisha.

Kageukia dirisha. Nilidhani ni uchovu.


Jumanne, 15 Septemba

Nimesikiliza.

Naandika hapa kama ilivyo.

Dakika ya 46 na sekunde 52, mlango wa nyuma. Dakika ya 47, kiti kinaburuzwa sakafuni. Hatua nne. Kisha: “Bwakeye.” “Bwakeye neza, baba.” Anauliza habari zake, za bibi, zangu, za mguu wa bibi, za mahindi, za kaburi la marehemu — je, limejengewa? Bado, baba. Dakika tatu na sekunde arobaini za salamu safi. Hakuna neno la mtihani.

Kisha:

Mzee: Na hapo unafanya kazi gani?

Epi: Mtihani, baba.

Mzee: Wa nini?

Epi: Afya ya jamii.

Mzee: Wanakuuliza nini hao?

Kimya. Nimepima. Sekunde tisa.

Kisha Epi anamwambia. Taratibu, kwa adabu, kwa Kiha — swali zima. Kijiji kimeanza kuhara, wagonjwa wote wanachota mto mmoja, afisa afya aanze na nini na kwa nini.

Mzee anacheka. Eh! Hilo tu? Sisi mwaka ule wa kuhara tulifunga pa kuchotea maji kwanza, maswali baadaye. Ukianza kuwauliza watu, wanakufa unaandika. Funga maji, mwanangu. Kisha uwape ya kuchemsha, kisha ndiyo uhesabu.

Epi: Ndiyo, baba. Asante, baba.

Hatua nne. Kiti.

Sekunde ishirini na mbili hakuna kitu. Halafu vitufe. Miaka ishirini na saba nimekata na kuunga sauti kwa kazi hii, najua mlio wa mtu anayeandika. Anayeandika hurukaruka, kitufe hiki na kile. Huu haurukiruki. Kitufe kimoja, mahali pamoja, haraka. Nimehesabu hadi sitini na tatu.

Anafuta.

Halafu anaandika dakika nne bila kusimama.


Jumatano, 16 Septemba

Nimemuuliza. Asubuhi, uani, Mama akiwa kwa jirani. Nimeuliza kama ninavyouliza mtu yeyote: ulikuwa umeandika nini kabla?

Kaanua nguo kambani, kaikunja.

“Sikumbuki.”

“Hukumbuki au hutaki kusema?”

“Baba mdogo, sikumbuki. Kwa wiki sasa nikisoma ukurasa, nikiugeuza umeshapotea. Nakumbuka nilikuwa nimeandika. Inawezekana ni hayo hayo ya Mzee. Inawezekana siyo. Nakumbuka nilifuta kwa sababu niliona herufi zimekaa vibaya. Au nilifuta kwa sababu ya alichosema. Nimejiuliza tangu Ijumaa. Sipati.”

Nimewahoji watu wengi waliosema hawakumbuki. Wengi walikuwa wanakumbuka. Huyu naamini hakumbuki. Ila kuamini kwangu si ushahidi.

“Kwa nini ulimtajia swali?”

“Kaniuliza.”

Alisema hivyo kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha.

Mchana nimempigia Mzee Anania. Nikamweleza polepole. Mtihani, kamera, kamati. Akasikiliza.

“Sasa kosa liko wapi, Kipriani? Mtoto kaulizwa kajibu. Mimi kaniambia nikamjibu. Nimsalimie nisimuulize kazi yake? Hiyo ni salamu ya polisi.”

“Mzee, kwenye mtihani haruhusiwi kusaidiwa.”

“Mimi ni baba yake! Nani amsaidie? Basi nitakuja mwenyewe Jumatatu. Niwaambie hao watu wa Nairobi kwamba nilimfundisha, na nilimfundisha sawasawa. Wakitaka wafungue daftari la zahanati, mwaka ule hakufa mtu hata mmoja baada ya kufunga maji.”

“Usije, Mzee.”

“Eh?”

“Nasema usije. Utamharibia.”

Akakata simu. Sijui kama ni mtandao.


Alhamisi, 17 Septemba

Kundi la wasapu la darasa la Epi: walianza arobaini na wawili mwezi wa tano. Sasa kumi na tisa. Epi kanionyesha ujumbe wa mwenzake Tunu, msichana wa Pangani. Maneno mawili: “Mimi basi.” Aliuandika Jumapili. Tangu hapo simu haipatikani. Wenzake wanamtumia mioyo na mikono ya kuomba dua. Hakuna aliyepata jirani wa kwenda kugonga mlango.

Nimempigia mwandishi ninayemfahamu Tanga. Kasema atamtuma mtu Pangani.

Epi hakula mchana. Jioni kala nusu kiazi.


Ijumaa, 18 Septemba

Kipindi kimeruka leo saa moja asubuhi. Nsimire, mwalimu mmoja wa chuo cha ualimu, Epi sekunde arobaini bila jina. Mwisho nimeweka sauti ya nyumba iliyonyamaza — kipande cha dakika ya thelathini, kabla ya yote.

Abbasi kaisikia wapi habari ya salamu, sijui. Huenda nimeropoka mwenyewe.

“Kipriani! Mzee kaingia katikati ya mtihani, msichana kasimama kusalimia? Bwana, hiyo ni dhahabu! Mbona hukuirusha?”

“Sauti haikuwa nzuri.”

“Wewe? Sauti isiwe nzuri?”

“Haikuwa nzuri.”

Kisha akaniuliza ratiba ya mikutano ya Buhigwe.

Taarifa ya Tanga: Tunu yuko kwao. Mzima. Kalala chumbani siku ya tano, anageukia ukutani, mama yake anamlisha uji kwa kijiko. Nimemwambia Epi. Kasema, “Afadhali,” kisha kaenda kukaa peke yake nyuma ya choo. Hakulia. Nilikwenda kuangalia.


Jumamosi, 19 Septemba

Nimemaliza tafsiri saa tatu asubuhi. Karatasi mbili. Ya kwanza ni salamu, dakika tatu na sekunde arobaini. Inasimama yenyewe — mtu anaweza kuisoma akaona imekamilika. Ya pili inaanza na “Na hapo unafanya kazi gani?” Kila moja nimeitia sahihi yake. Sauti vilevile nimeihifadhi kwa mafaili mawili, kwa sababu moja zima lilikuwa zito kwa mtandao wa hapa.

Nikisema ni mtandao tu, nitakuwa nimejidanganya.

Nimemwekea Epi mezani.

“Ya pili nisipoituma, utanisema?”

“Mimi si kamati.”

“Nakuuliza wewe.”

Nikamwambia ninachokijua. Kwamba ya kwanza haina uongo hata neno moja. Kwamba ya pili nayo haina. Kwamba nimeona watu wakiharibiwa na habari ya kweli iliyokatwa nusu, na nimeona wengine wakiharibiwa na habari hiyo hiyo nzima. Kwamba kazini nisingekata.

“Na hapa nyumbani?”

Mama akaita kutoka jikoni, anataka kuni. Nikaenda.

Niliporudi alikuwa anatuma. Kakaa wima. Saa tano na nusu. Kale kaduara ka mtandao kanazunguka, kanasimama, kanazunguka. Saa sita kasoro dakika nne ikakubali.

Karatasi zote mbili zilikuwa zimegeuzwa kifudifudi. Sikuuliza ametuma ngapi.

Baadaye, wakati wa kuchambua maharage, nimeona nimeuliza bei ya maharage, nimeuliza mvua, nimeuliza mguu wa Mama. Hilo sikuliuliza.


Jumapili, 20 Septemba

Kanisani Mama na mimi. Epi kabaki. Padri kawaombea wanafunzi — kasikia kipindi.

Mvua imenyesha mara ya kwanza, nusu saa. Watu wameanza kulima. Epi kasimama mlangoni anaangalia. Kaniuliza kama Mzee Anania kakasirika. Nikasema sijui. Akasema, “Nisingemjibu, angekasirika zaidi.” Kisha: “Kesho wakiniuliza, nitawaambia nini? Kwamba sikumbuki? Nani anaamini mtu asiyekumbuka?”

Nilitaka kumwambia mimi. Nikasema alale mapema.


Jumatatu, 21 Septemba

Saa 3:40. Niko kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, daftari magotini. Leo nimelinda huku. Mbele nimefunga kwa komeo. Mama yuko kibarazani na fimbo yake, kasema apite mtu aone.

Saa 3:55. Epi kavaa blauzi nyeupe. Ameweka pini ya tatu. Kajaribu kamera. Kasogeza kiti, kakirudisha.

Saa 4:02. Wameingia. Sauti tatu, wanawake wawili na mwanamume. Kiingereza. Wanampa pole kwa hali ilivyo. Wanasema wanajua ni kipindi kigumu kwa kila mtu. Wanasoma masharti yote, moja baada ya jingine.

Saa 4:14. Wanamuuliza mahali anapokaa. Nani wengine wako nyumbani. Anajibu vizuri. Sauti ndogo lakini haikatiki.

Saa 4:20. Mwanamume anauliza kwa nini hakumwambia mgeni asubiri. Anaeleza salamu. Kusimama, kuinama, mikono miwili. Mmoja wa wale wanawake anasema hata kwao ni hivyo. Kicheko kidogo. Nilisema watacheka.

Saa 4:26. Mtandao umekatika. Umerudi. Anawaomba radhi mara tatu.

Saa 4:29. Mwenyekiti anasema amepokea maandishi na sauti, anashukuru kwa tafsiri. Hakusema karatasi moja wala mbili. Anasema wamebaki na swali moja, na wangependa kulisikia kutoka kwake mwenyewe: katika dakika hizo sita, lilizungumzwa jambo lolote la mtihani?

Kimya.

Nimetazama saa. Sekunde tano. Tisa. Kumi na tatu.

Migombani kuna mtu. Koti la kanisani, kofia, mkoba wa plastiki — ndani naona daftari kuukuu lenye jalada gumu. Mzee Anania. Nimeinua mkono kumzuia. Kadhani namsalimia. Kaegemeza fimbo ukutani, kavua kofia. Natikisa kichwa. Anatabasamu.

Sekunde ishirini. Ndani bado hajajibu.

“Bwakeye, enyi wa hapa!”

Ndani, kiti kinaburuzwa sakafuni.